Nilimpa Mgeni Jina la Kaka Yangu

Mmeniandikia mkinitukana, na mna haki. "Notburga, ulikuwa na akili gani?" ameuliza mama mmoja, na kwa chini akapiga mstari mara mbili. Sikuwa nazo, dada yangu. Nilikuwa na miaka ishirini na sita na nilikuwa nimependa. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, na yangu yalikuwa yanakohoa mpaka kwa majirani.

Kwa aliyechelewa kuanza kunisoma, nitasema kwa ufupi. Ni Septemba ya mwaka arobaini na saba, miaka miwili tangu vita viishe. Shambani kwetu, juu kabisa ya bonde la milimani mpakani mwa Italia, tumebaki wawili, mimi na mama yangu Kreszenz. Baba alianguka gengeni akikata nyasi. Kaka yangu Vinzenz alikataa kwenda kuwapigania Wajerumani, akakimbilia milimani. Wakamfunga mama badala yake. Vinzenz akashuka mwenyewe akajisalimisha ili mama aachiwe. Mama wakamwachia, na yeye wakampiga risasi.

Maiti hatukupewa. Mama akaapa kwamba kengele ya msiba haitalia kanisani mpaka mwili wa mwanawe urudi. Kwetu padri haandiki kifo kabla kengele haijalia. Kwa hiyo kwenye kitabu cha kanisa Vinzenz alikuwa na siku ya kuzaliwa na siku ya kubatizwa, lakini siku ya kufa hakuwa nayo.

Ndipo Luis, mvusha ng'ombe wa magendo, alipotuletea mgeni kutoka ng'ambo ya mpaka. "Siku mbili tu, Burgl," alisema, akiniita kwa jina langu la kifupi. Wiki ya saba ilikuwa inakwisha na mgeni bado alikuwa darini kwetu, juu ya majani makavu ya ng'ombe.

Jina alilotupa lilikuwa Lorenz. Alikuwa anatafutwa. Aliniambia alikuwa karani tu wa jeshi, na kwamba walioshinda walikuwa wanakamata kila mtu aliyewahi kushika kalamu. Niliamini kwa sababu nilitaka kuamini.

Alihitaji kuwa mtu wa bonde letu. Sisi wa huku tulikuwa tumeikana Italia kabla ya vita tukaichagua Ujerumani, kisha Ujerumani ikaanguka, tukabaki hatuna nchi. Na asiye na nchi ndiye aliyekuwa akipewa cheti cha safari. Ukiwa na cheti unashuka Genoa, unapanda meli, unaamkia Argentina. Lorenz aliniahidi kwamba akifika ataniita.

Yeye ndiye aliyeuliza kwanza. Tulikuwa tunamkamua ng'ombe aliyebaki nyumbani, akasema kwa sauti ya upole, "Burgl, kaka yako ameandikwa kuwa amekufa?"

Jumatatu nilikwenda kwa Padri Alban nikaapa kwamba Vinzenz yu hai na amerudi nyumbani. Nikatia saini, na padri, aliyejua ukweli, akafumba macho. Jumanne padri akambatiza Lorenz upya kwa maji kidogo, maana alikuwa Mprotestanti wa kaskazini, na mtoto Mprotestanti bonde letu halijawahi kumzaa. Adhuhuri ile cheti cha ubatizo cha kaka yangu kilikuwa mfukoni mwa mgeni. Luis angempitia Jumamosi alfajiri.

Mama hakujua lolote. Hapo ndipo nilipowaachia.

Sasa sikilizeni ya Jumatano.

Mchana mama alipika madonge ya mkate na nyama ya moshi. Lorenz akakaa mezani, akachukua kisu, akakata donge lake katikati.

"We baba, shusha kisu!" mama akafoka. "Unataka kuniambia madonge yangu magumu?"

"Samahani, mama. Mazoea."

"Mazoea ya wapi? Donge hukatwa kwa uma. Anayelikata kwa kisu anamtukana aliyelipika. Wiki saba unakula kwangu na bado unanitukana!"

Nilicheka ili mama asione hofu yangu. Nilikuwa nimemfundisha kila kitu: kuchora misalaba mitatu chini ya mkate kabla ya kuukata, kuvua kofia penye msalaba wa njiani, majina ya mashangazi wote walio hai na waliokufa. Akisahau donge mbele ya ofisa wa vyeti, tumekwisha. Nilimkanyaga mguu chini ya meza.

"Kesho tunateremsha ng'ombe," mama akasema. "Bila maua tena mwaka huu."

"Kwa nini bila maua?" Lorenz akauliza.

Kwetu ng'ombe wakitoka malishoni juu hushuka na mataji ya maua vichwani, na aliyetangulia huvishwa kengele kubwa ya nyumba, ili bonde lote lijue kwamba majira yamepita salama. Penye msiba maua hayavishwi. Mama alikuwa hajakubali msiba, na furaha hakuwa nayo, basi ng'ombe wetu walikuwa wanashuka vichwa vitupu mwaka wa tatu huo.

"Na kengele pia hatuna," mama akaendelea. "Wakusanya chuma wa jeshi walipokuja, Vinzenz aliificha. Hakumwambia mtu. Alisema mambo yakiharibika atanijulisha."

"Akakujulisha?"

Mama akamwangalia mgeni, kisha akaliangalia dirisha. "Kula, chakula kinapoa."

Nilikuwa na macho na sikuona. Nilikuwa na masikio na sikusikia.

Alhamisi tulipanda malishoni, mimi na Lorenz. Saa tatu za mwendo. Tangu aje kwetu alikuwa hajawahi kutoka nje ya ua wetu isipokuwa ile Jumanne ya kanisani. Njia nzima alikuwa anageuka nyuma. Kunguru akilia anasimama, jiwe likiporomoka anainama. Na mimi nikashikwa na wasiwasi wake, kila mti nikauona una masikio.

Banda letu la juu ni chumba kimoja, jiko la mawe, kitanda cha mbao na vyungu vya jibini. Niliingia kuchukua chumvi ya ng'ombe. Lorenz akaingia nyuma yangu, hata kuangaza macho huku na huku hakuangaza. Akaenda moja kwa moja kwenye jiko, akapiga magoti, akahesabu mawe kutoka chini kwa kidole. Moja, mbili, tatu. La tatu akalishika kwa mikono miwili akalivuta.

Akaingiza mkono mpaka begani. Akatoa gunia. Ndani ya gunia, kengele yetu.

Nilipiga yowe. Niliikumbatia ile kengele kama mtoto mchanga. "Umejuaje?"

"Nimebahatisha," akasema. "Jiwe lilikuwa limelegea."

Naungama mbele yenu nilichofikiri, na mnicheke. Nilifikiri ni ishara. Nilifikiri Vinzenz mwenyewe, huko aliko, amemwongoza mkono, kwamba ameridhika jina lake lichukuliwe. Nikambusu yule mwanamume mbele ya jiko la kaka yangu.

"Mpelekee mama yako," aliniambia, na macho yake yalikuwa na machozi. Machozi ya kweli, siwadanganyi. "Nataka afurahi kabla sijaondoka."

Tukamvisha Falba, ng'ombe wetu kiongozi, ile kengele. Alivyoisikia tu akanyanyua kichwa akaanza kuringa. Tukashuka.

Kila nyumba ya bonde ina sauti ya kengele yake, na watu huijua kama wanavyojua sauti ya mlango wao. Tulipofika kwenye mashamba ya kwanza, watu walikuwa wameshasimama uani. Rosina, jirani yetu mwenye mdomo usio na breki, alikuja mbio mpaka kwenye uzio, aproni imejaa viazi.

"Burgl! Si ya kwenu hiyo? Vinzenz karudi?"

Nilikuwa nimeapa kwa padri kwamba karudi. Mbele ya Rosina sikuthubutu kurudia.

"Imepatikana kengele," nikasema.

"Na huyu nani? Mbona anatembea kama anakagua gwaride?"

"Kibarua."

"Kibarua!" Rosina akacheka. "Kibarua kavaa koti la kaka yako."

Lorenz akavua kofia kwa adabu. Mimi nikampiga Falba fimbo tuondoke. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa imebakiwa na kona mbili.

Kona ya mwisho nikamwona mama.

Mama yangu magoti yake yaliharibika gerezani. Bila fimbo hatembei. Siku ile alikuwa ametoka nje bila fimbo, bila kitambaa, mikono imejaa unga, anakimbia. Nasema anakimbia. Na anaita.

"Vinzenz! Vinzenz wangu!"

Akampita Falba, akanipita mimi, akafika mbele ya lile koti. Akanyanyua uso.

Sitaki kueleza uso wake. Nilitamani ardhi inimeze.

"Ni mimi tu, mama," Lorenz akasema. "Nimekuletea kengele."

Mama akashika uzio. Alihema kwa muda. Alipozungumza sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama mtu anayeuliza bei ya chumvi.

"Ilikuwa wapi?"

"Nyuma ya jiko, mama. Jiwe la tatu kutoka chini. Nimebahatisha tu."

"Burgl, yalikuwa mangapi yaliyolegea?"

"Mama?"

"Mawe, Burgl. Umemwona akijaribu la kwanza? La pili?"

Nikafungua kinywa. Nikaona tena kile kidole kinavyohesabu.

"Hapana," nikasema. "Alikwenda la tatu."

Mama akatikisa kichwa polepole. "Siku waliyoniachia tulipishana kwenye korido, mimi natoka, mwanangu anaingia. Amefungwa mikono. Wakatupa nafasi ya maneno mawili matatu. Akaniambia, 'Mama, nimekuandikia barua, na kengele nimeitaja humo. Nimempa hakimu mkononi mwake, ameahidi kukupa.' Miaka miwili na nusu naingoja barua hiyo. Burgl sikumwambia, nilijua angekwenda kuidai na wangemfunga na yeye."

Akamgeukia Lorenz.

"Barua yangu iko wapi, bwana hakimu?"

Ng'ombe walikuwa wanatafuna nyasi za Rosina na hakuna aliyewafukuza. Nilimtazama Lorenz. Nilingoja akasirike, acheke, aseme mama amechanganyikiwa. Nilimwomba Mungu aseme hivyo.

"Niliichoma," akasema. "Zilikuwa nyingi, mama. Amri ilikuwa kuzichoma zote."

"Usiniite mama."

"Sikuwa na njia. Nisingetia saini mimi, angetia mwingine."

"Ulitia wewe."

Nilimrukia. Sikumbuki nilianzaje, nakumbuka vidole vyangu vikiwa shingoni kwenye kola ya koti la kaka yangu. "Ulijua lini? Ulijua lini kwamba ni nyumbani kwake?"

"Siku ya kwanza," akajibu, na hakunisukuma. "Nilipoona picha yake ukutani."

Wiki saba! Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na mimi wangu nilikuwa namfulia hizo nguo. Wiki saba alikula chini ya ile picha. Aliponiuliza kwenye maziwa kama kaka yangu ameandikwa kuwa amekufa, alikuwa anamjua maiti na siku aliyokufa na saa. Nilitema mate chini ili nisimtemee yeye, na hadi leo najuta kwamba sikumtemea.

"Burgl," mama akasema, "nenda kanisani. Mwambie Sepp apige kengele ya msiba. Mwanangu amekufa. Nakubali sasa. Kisha apige simu kwa polisi."

Nilibaki pale pale.

"Nenda!"

"Mama, siwezi. Nimeapa kwa padri kwamba Vinzenz yu hai. Jina lake nimempa huyu. Cheti kiko mfukoni mwake."

Mama alinipiga kofi. Mkono wake wa unga ukaniachia weupe shavuni, na sikuufuta. Hakuwahi kunipiga tangu nikiwa na miaka tisa.

"Basi utafungwa," akasema. "Na mimi nilifungwa. Hakuna aliyekufa kwa kufungwa tu. Nenda kapige kengele, jina la mwanangu halipandi meli."

Nikageuka niondoke. Ndipo Lorenz alipozungumza, na hakuzungumza na mimi.

"Naikumbuka yote," alisema. "Barua. Nilisoma mamia, hiyo moja ndiyo imenikaa. Kurasa mbili. Naweza kukuambia neno kwa neno, mpaka alipokata na kuandika upya. Niacheni mpaka Jumamosi, nitakusomea yote. Kengele ikilia, sitafungua mdomo. Hata wakininyonga."

Mama alitazama mikono yake iliyojaa unga.

"Mama, usimsikilize," nikasema.

"Nenda," akasema, lakini safari hii kwa sauti ndogo.

Nikakimbia.

Mnara ulikuwa umefungwa. Ufunguo anao mzee Sepp, na mzee Sepp alikuwa shamba la chini anachimba viazi. Nikaruka mitaro, nikapasua sketi, nikamkuta.

"Nipe ufunguo wa mnara!"

"Nani kafa?"

"Utajua ukihesabu."

"Wewe binti, kengele ni kazi yangu mimi."

"Mzee Sepp, nakuomba. Nipe, au nauvunja ule mlango kwa shoka."

Aliniangalia uso wenye alama ya vidole vya unga, akavua ufunguo kiunoni. "Kafe nani tena bonde hili," akanung'unika, na akaanza kunifuata kwa mwendo wake wa kobe.

Nikapanda hadi palipo na kamba. Nikaishika. Nilijua nikivuta, saini yangu inakuwa uongo mbele ya bonde zima. Nilimfikiria Padri Alban, Luis, gereza. Nilifikiria pia, na hili sikuwahi kumwambia mtu, Argentina. Bado, hata dakika ile. Moyo wa binadamu ni takataka.

Kwetu kengele ya msiba ina hesabu. Mikupuo miwili ni mwanamke. Mitatu ni mwanamume. Kati ya mkupuo na mkupuo unanyamaza kwa muda wa Baba Yetu moja, isomwe taratibu, ili watu mashambani wapate nafasi ya kuacha jembe na kuhesabu.

Nikavuta mkupuo wa kwanza. Kengele ikanguruma juu ya kichwa changu mpaka meno yakagongana. Nikanyamaza, nikasoma Baba Yetu kwa sauti. Kwa dirisha dogo la mnara niliona watu wamesimama mashambani, wadogo, wametulia, nyuso zimeelekea kwetu.

Nikavuta mkupuo wa pili. "Kaka," nilikuwa nasema, "kaka, kaka, nisamehe." Nikanyamaza. Nikaanza Baba Yetu ya pili. Nilipofika kwenye mkate wetu wa kila siku nikasikia hatua ngazini.

Si za mzee Sepp. Zilikuwa hatua za watu wawili, mmoja anamkokota mwenzake.

Kwanza kikatokea kichwa cha Lorenz, jasho linamtiririka. Amembeba mama begani nusu, mkono wake kiunoni mwa mama. Na mama yangu, ambaye nusu saa iliyopita alimkataza asimwite mama, alikuwa amemshika shingo kwa mikono miwili asianguke. Uso wake ulikuwa umelowa. Sijawahi kuuona ukionekana wa kijana vile.

"Acha kamba, Burgl," akasema.

"Mama, umebaki mkupuo mmoja."

"Acha. Ameanza kunisomea njiani. Ni yeye, Burgl, ni Vinzenz, ni maneno yake kabisa, hata alivyokuwa akinitania madonge yangu." Akameza mate. "Sasa amefika mahali anapokutaja wewe. Na amenyamaza. Anasema hataendelea mpaka uiachie kamba."

Lorenz alikuwa ananitazama.

Kamba ilikuwa bado inacheza viganjani mwangu, kengele juu inatafuta kutulia. Baba Yetu yangu ilikuwa imekatika katikati, na muda wake ulikuwa unakwisha. Na kule chini, mashambani, watu walioniona nikikimbilia mnarani walikuwa wamehesabu miwili, yaani mwanamke, wakavua kofia, wakaanza kupanda njia ya kwetu kuja kumzika mama yangu.